Ubao wa kwanza wa tanga: mwongozo kamili wa kuchagua ubao utakaokusimamisha

Ubao wangu wa kwanza wa tanga ulikuwa wa lita 105, nami nilikuwa na kilo 82. Aliyeniuzia aliniambia ni ubao mzuri, na kweli ulikuwa mzuri, ila kwa mtu anayejua tayari. Kaskazi nzima, kuanzia Desemba hadi Machi, nilikwenda ufukwe wa Galu, kusini mwa Mombasa, karibu kila Jumamosi, nikipanda, nikianguka, nikipanda tena. Sikufika hata nusu ya njia ya kwenda mwambani. Halafu asubuhi moja jamaa mmoja pale ufukweni akaniazima ubao wake wa kufundishia, mpana kama mlango, lita 205. Nilisimama mara ya kwanza tu. Nikatweka tanga, nikaenda, nikageuka, nikarudi pale pale nilipotokea. Ndipo nikaelewa kwamba miezi yote ile tatizo halikuwa miguu yangu.

Kila msimu naona watu wakirudia kosa lile lile. Wananunua ubao wanaoutamani, mdogo, mwepesi, wa kukimbia, kisha wanaacha mchezo wakiamini hawana kipaji. Mchezo wenyewe unaoitwa windisafu si mgumu kiasi hicho. Ubao wa kwanza una kazi moja: kukuacha usimame muda wa kutosha ili akili yako yote iende kwenye tanga. Kila hatua iliyo hapa chini inaelekea huko.

Kwanza tuelewane maneno. Bahati nzuri lugha yetu ni ya mabaharia, mengi tunayo. Mbele ya ubao ni omo, nyuma ni tezi, juu unaposimama ni sitaha. Mlingoti umeshikwa na ubao kwa kiungo cha mpira kinachopinda kila upande, na hicho ndicho kinachoutofautisha ubao wa tanga na ngalawa: mlingoti haukusimamishwa, unaushika wewe. Unaushika kwa upinde, ile fremu ya mviringo inayolizunguka tanga usawa wa kifua. Kuna kamba nene ya kutwekea, ya kulivuta tanga kutoka majini. Chini ya ubao, nyuma, kuna pezi. Na katikati, kwenye mbao za wanaojifunza, kuna mkuku, bamba refu linaloshuka majini na kukunjwa. Huo mkuku nitaurudia, maana una uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua ya kwanza: anza na maji yako

Kabla hujatazama ubao wowote, jiulize utauendesha wapi na upepo gani. Pwani yetu, kuanzia Watamu hadi Diani na hata upande wa mashariki wa Unguja, mara nyingi ina mwamba unaokwenda sambamba na ufukwe, na ndani yake maji tulivu. Hayo ndiyo maji ya kujifunzia. Lakini bahari hii hupanda na kushuka sana. Siku za bamvu, Mombasa, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Pale ulipoelea asubuhi, mchana ni mawe, mchanga na miiba ya shokishoki wa baharini. Kwa hiyo ubao wako lazima uweze kupita maji ya magotini bila kukwaruza tumbo, na siku za kuanza ni nzuri zaidi wakati wa maji mafu, bahari isipokuwa na haraka ya kukimbia.

Upepo nao. Kusi ya Juni hadi Agosti mara nyingi huvuka noti 15, yaani karibu kilomita 28 kwa saa, na huo si upepo wa mtu anayeanza. Wewe unataka noti 7 hadi 12, kama kilomita 13 hadi 22 kwa saa. Utaupata tangambili, pale pepo mbili zinapopokezana, na siku za pole za kaskazi. Jihadhari na umande, ule upepo mwanana wa alfajiri utokao bara. Unaonekana rafiki kwa sababu maji yamelala kama kioo, kumbe unasukuma kwenda baharini. Kwa mtu asiyejua kubisha, yaani kukata pembe kwa pembe kuelekea upepo unakotoka, huo ndio upepo wa hatari kuliko wote. Subiri saa nne au saa tano asubuhi, upepo wa bahari ushike, ukusukume kuelekea nchi kavu.

Walio Kisumu, Mwanza au Entebbe, upepo wenu wa ziwa hushika mchana. Magugu maji yatawasumbua kwenye pezi, nitayafikia.

Hatua ya pili: jipime, kisha uhesabu lita

Kila ubao wa kisasa umeandikwa ujazo wake kwa lita, kwa kawaida kwenye sitaha au karibu na tezi. Namba hiyo si ya urembo. Lita moja ya ubao hubeba takriban kilo moja majini. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, hubeba zaidi kidogo.

Chukua hesabu yangu ya ule ubao wa kwanza. Kilo 82 mimi, kilo 8 ubao wenyewe, kilo 10 tanga na mlingoti na upinde. Jumla kilo 100. Lita 105 za ubao hubeba kama kilo 107. Zilibaki kilo saba tu. Maana yake, nikiwa nimesimama bila mwendo, sitaha ilikuwa imezama kwenye maji, na kila nilipohamisha mguu upande mmoja ulizama kabisa. Hakuna mtu anayejifunza juu ya kitu kinachozama.

Kwa mtu mzima anayeanza, chukua uzito wako kwa kilo, ongeza 100, hizo ndizo lita zako. Ukiwa na kilo 60, tafuta ubao wa lita 150 hadi 170. Kilo 75, lita 170 hadi 190. Kilo 90, lita 190 hadi 220. Ukivuka kilo 100, usikubali chini ya 220. Kama uzito wako hauna hakika, jipime na nguo zilizolowa, maana ndivyo utakavyokuwa majini.

Mtoto ni habari nyingine. Mtoto wa kilo 30 akipewa ubao wa lita 220 hataanguka, lakini hataugeuza pia, na kuubeba hadi majini itakuwa kazi ya baba. Lita 100 hadi 130 zinamtosha, na la muhimu kwake ni tanga dogo, la mita za mraba 1.5 hadi 2.5, analoweza kuliinua mwenyewe. Mtoto anayeinua tanga mwenyewe mara ishirini huondoka ufukweni akitaka kurudi kesho.

Hatua ya tatu: tazama upana kabla ya kufurahia lita

Hapa ndipo wengi huteleza hata baada ya kuhesabu vizuri. Lita zinaweza kuwa nyingi na ubao usisimame.

Mfano mzuri ni Mistral One Design, ubao uliotumika kwenye Olimpiki za 1996, 2000 na 2004. Una lita zaidi ya 200, lakini lita hizo zimepelekwa kwenye urefu: sentimita 372, na upana unaokaribia 64 tu. Ni chombo kizuri sana kwa mwenye kujua, na bado unaweza kukutana nacho kimelala kwenye banda la klabu ya mashua au hoteli ya zamani, kinauzwa kwa bei ya huruma. Mtu anasoma lita, anafurahi, ananunua. Akipanda, ubao unamviringisha kama gogo.

Sababu yake utaielewa ukifikiria unavyosimama. Unapotweka tanga, miguu yako iko kandokando ya kiungo cha mlingoti, mmoja mbele mmoja nyuma, na visigino vinarudi kuelekea ukingo kadiri unavyovuta. Ubao ukiwa mwembamba, kisigino kikisogea kidogo tu uko ukingoni, na ukingo unazama. Ubao ukiwa mpana, una nafasi ya kukosea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walianza kupanua mbao na kuzifupisha, na hilo lilibadilisha kabisa muda wa kujifunza.

Tafuta upana wa sentimita 80 hadi 90, hata zaidi kama wewe ni mzito au una wasiwasi na maji. Chini ya 75 uache kwanza. Urefu wa mita 2.5 hadi 3 unatosha. Kama ungependa ubao ambao mtoto wa miaka kumi na mitatu na mama yake wanaweza kuutumia kwa zamu, Techno 293 ni mfano ninaoupenda: urefu sentimita 293, upana 79, lita 205, na mkuku wa kati. Ulitengenezwa kwa mashindano ya vijana, kwa hiyo hautakuchosha mapema, na mitumba yake ipo.

Hatua ya nne: mkuku wa kati, usikubali kuukosa

Nilipokuwa na ule ubao mdogo, siku moja mzee mmoja, nahodha wa mashua, alikaa mchangani akinitazama nikiburuta vifaa nikirudi kwa miguu, karibu kilomita nzima kutoka nilikoangukia. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Chombo chako nimekitazama, hakina mkuku. Utabisha na nini?"

Maneno yake ndiyo somo lenyewe. Upepo unaposukuma tanga kutoka ubavuni, unausukuma ubao pia kwenda kando, upande wa demani, yaani upepo unakoelekea. Chombo kikiwa na kitu kirefu kinachokamata maji chini yake, ile nguvu ya kando inageuzwa kuwa mwendo wa mbele, nawe unaweza kwenda joshi, upande upepo unakotoka, kisha ukabisha, ukarudi ulikotoka. Wajuzi hawahitaji mkuku kwa sababu wanakwenda kasi, na kwa kasi ile pezi la nyuma linatosha. Wewe bado unakwenda kasi ya mtu anayetembea. Pezi peke yake halitakushika. Utakwenda na kurudi, na kila zamu utajikuta umeteleza mita mia zaidi kwenda demani, mpaka unatoka mbele ya hoteli ya tatu ukiwa umebeba vifaa kichwani.

Kwa hiyo ubao wako uwe na mkuku wa kati unaokunjika, wenye kichwa kinachojitokeza juu ya sitaha ili uusukume kwa mguu. Ukishushwa unakupa utulivu pia, ubao hauyumbi sana. Unapokaribia maji mafupi unaukunja, ubao unapita juu ya mwamba. Ukinunua ubao wenye mkuku wa kuchomeka tu, usiokunjika, utauvunja wiki ya kwanza ya bamvu.

Kama ungeniuliza kitu kimoja tu cha kutokubali kukikosa, ningesema hiki, hata kabla ya lita.

Hatua ya tano: sitaha na ngozi

Sitaha ya ubao wa kujifunzia iwe na zulia laini la povu, kuanzia tezi hadi karibu na omo. Utapiga magoti juu yake mara mia kwa siku, na utaangukia mbavu. Mbao za wajuzi zina rangi yenye chenga kama msasa, ambayo kwa saa moja inachuna magoti hadi damu, na maji ya chumvi juu yake si mchezo.

Ngozi ya ubao ni ya aina mbili kwa ufupi. Iko ya plastiki nene, nzito, isiyojali kugongwa na mwamba wala kuburutwa. Na iko ya nyuzi za glasi na epoksi, ile gundi inayoganda ikawa ngumu, juu ya povu jeupe jepesi, lile linalofanana na la kufungashia televisheni. Hii ni nyepesi na tamu kuendesha, lakini ikipasuka, maji huingia kwenye povu na hayatoki. Kwa pwani yenye mawe, na kwa mtu atakayeugonga ubao kwa mlingoti kila anapoanguka, mimi napendelea ya plastiki, au ya epoksi yenye kinga ya mpira kwenye omo. Uzito usikutishe sana. Kilo 15 au 16 utazilaani ukizibeba, ukifika majini utazisahau.

Mikanda ya miguu ifungue, weka kabatini. Utaihitaji baadaye sana. Rudishia skurubu kwenye matundu yake ili mchanga usiingie.

Hatua ya sita: pezi, mwani na kamba za watu

Mbao nyingi za kujifunzia huja na pezi la sentimita 40 au zaidi. Kwa maji yetu nakushauri utafute pia pezi fupi, sentimita 25 hadi 30. Maadamu una mkuku wa kati, pezi fupi halikupunguzii kitu, na linakuepusha na mwamba.

Angalia aina ya tundu la pezi: Power Box hufungwa kwa skurubu moja kutoka juu ya sitaha, Tuttle kwa skurubu mbili, na US Box ni mfereji mrefu wenye kibati kidogo. Haijalishi upi, ila ujue jina lake ili usiagize pezi lisiloingia. Penye nyasi za bahari, au magugu maji kule ziwani, tafuta pezi lililolala kuelekea nyuma. Nyasi huteleza na kuachia.

Na kama uko Paje au Jambiani, kule Unguja, kumbuka kwamba kule ndani ya mwamba kuna mashamba ya mwani, vijiti na kamba, na ni riziki ya akina mama wa pale. Maji yakijaa huyaoni. Pezi likikata kamba moja, kazi ya majuma imekwenda na maji. Waulize wenyeji mashamba yamepita wapi kabla hujaingia. Nawaomba hili kwa dhati.

Hatua ya saba: mgumu au wa kujaza hewa?

Siku hizi zipo mbao za kujaza hewa zenye kishikizo cha mlingoti, unaweza kuzipigia kasia siku isiyo na upepo na kuziwekea tanga siku yenye upepo. Kwa anayeishi ghorofani au anayesafiri kwa basi kutoka Nairobi, hilo si jambo dogo: ubao mgumu wa mita 2.9 hauingii kwenye buti ya basi. Kwa tanga dogo na upepo wa pole, unajifunza vizuri tu juu yake.

Sharti ni moja: uwe na mkuku au pezi kubwa la katikati, si pezi la nyuma tu. Bila hilo ni yale yale ya nahodha. Tena usiuache umejaa hewa juani juu ya mchanga wa saa saba mchana. Hewa ya ndani hupata moto, hutanuka, na gundi ya mishono huachia. Punguza hewa ukitoka majini.

Nikiwa na mahali pa kuuweka, ningechagua mgumu. Hautikisiki katikati unaposimama.

Hatua ya nane: kuukagua mtumba kwa mikono yako

Wengi wetu tutanunua mtumba, na hakuna ubaya. Uliza kwenye vilabu vya mashua, Mombasa au Msasani, kwenye vituo vya michezo ya majini vya mahoteli, na kwa wageni wanaohama. Wakati mzuri wa kuuliza ni mwisho wa kaskazi, kabla ya masika. Ubao ukikubali kuuzwa, usiutazame ukiwa ukutani. Uombe ulazwe kivulini juu ya matairi mawili, kisha ufanye hivi taratibu, mwenyewe akisubiri.

Anza na vifundo vya vidole. Gonga sitaha kuanzia omo kuja tezi, kila sentimita kumi. Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu, ile ile, ko-ko-ko. Ukifika mahali sauti inakuwa nzito na pana kama unagonga boksi lililolowa, simama. Hapo ngozi imeachana na povu. Weka vidole gumba viwili, bonyeza. Ikibonyea na kurudi, ubao umeanza kufa, na mahali penyewe karibu kila mara ni pale visigino vinaposimama.

Kisha uupime. Chukua mizani ya bafuni, simama peke yako, halafu simama umeubeba ubao, toa. Tafuta uzito wa kiwandani wa modeli hiyo na mwaka huo, ulinganishe. Kilo moja ya ziada inaweza kuwa zulia lililolowa au kiraka. Kilo tatu au nne ni maji ndani ya povu. Mimi nimewahi kuletewa ubao uliong'arishwa vizuri, rangi mpya, bei nzuri, na mizani ikasema una kilo 5 zaidi. Niliushukuru moyoni ule mzani wa bafuni kuliko mtu yeyote.

Ukitilia shaka ufa, paka maji ya sabuni juu yake, uuache ubao juani dakika ishirini huku skurubu ndogo ya kupumulia, ile ya kutolea hewa ya ndani ya ubao, imefungwa. Hewa ya ndani ikipata joto itatafuta njia. Ukiona mapovu, ufa umepita hadi ndani.

Nenda kwenye tundu la pezi. Lishike pezi kwenye ncha, litikise kushoto na kulia kwa nguvu. Pezi na ubao viende pamoja kama kitu kimoja. Pezi likicheza peke yake, au ukiona mstari mwembamba wa ufa kuzunguka tundu, mwambie mwenyewe apunguze bei sana au uondoke. Fanya vile vile kwenye mfereji wa kiungo cha mlingoti. Kaza kiungo, kivute juu. Mfereji ukiinuka hata kidogo, ubao huo usiuchukue.

Mkuku ushushe na kuukunja mara kumi. Mchanga ukiwa umejaa ndani utausikia unasaga, na huo huoshwa. Ila kama kasha lenyewe limepasuka, maji yanaingia moja kwa moja katikati ya ubao. Ile midomo ya mpira iliyo chini, inayofunika mwanya wa mkuku, ikiwa imechanika si tatizo kubwa, hubadilishwa.

Kiungo cha mpira kipinde hadi kilale kabisa, uzungushe ukitazama kwa karibu. Nyufa ndogo kama za mguu uliokauka zinasema kimechakaa. Nunua kipya, hata kama muuzaji anaapa, maana kikikatika ukiwa mbali na ufukwe, tanga linakwenda kwake na wewe unabaki kwako. Hakikisha pia kina kamba au mkanda wa akiba ndani yake.

Na kuhusu viraka: mafundi wetu wa boti za faiba ni hodari, lakini wengi hutumia resini ya poliesta. Resini hiyo huyeyusha lile povu jeupe. Nimeona shimo la ukubwa wa shilingi likigeuka pango. Ubao wa povu unatibiwa kwa epoksi peke yake. Mwambie fundi mapema, na kama ubao una kiraka cha zamani, uliza kilitengenezwa kwa resini gani.

Hatua ya tisa: tanga liende na ubao

Ubao mkubwa, tanga dogo. Huo ndio mseto. Mtu mzima wa kilo 65 hadi 80 anatosheka na tanga la mita za mraba 4 hadi 5 kwa upepo wa noti 8 hadi 12. Akiwa mwepesi, 3 hadi 4. Usidanganywe kuchukua 6 au 7 ili uende haraka. Tanga kubwa likilala majini hubeba maji juu yake, na mgongo wako ndio utakaolipa.

Tanga la kitambaa linavumilia jua kuliko lile la plastiki angavu. La plastiki likikaa juani miaka huwa na ukungu na kuvunjika kama biskuti, kwa hiyo likunje kidogo pembeni usikilize. Chini ya tanga huandikwa urefu wa mlingoti unaolifaa. Kwa matanga haya utakuta 370 au 400. Ufuate huo, maana mlingoti usiolingana hulifanya tanga liwe na mikunjo na uzito wa ajabu. Kagua pia kwamba upinde unabana mlingoti bila kucheza, na kwamba kamba ya kutwekea ni nene yenye vifundo.

Ukiuziwa ubao na tanga lake pamoja, shukuru, lakini uvikague kila kimoja peke yake.

Hatua ya kumi: ujaribu majini kabla ya kulipa

Ingia maji ya kiunoni bila tanga, mkuku umeshushwa. Panda, simama, tembea kwenda omo, rudi tezi, geuka, ruka mara mbili. Ukiweza kufanya hayo ukiongea na aliye ufukweni, ubao unakufaa. Ukijikuta umetulia kimya, umekaza taya, ni mdogo kwako, hata kama hesabu ya lita imekubali. Mwili unajua.

Kisha weka tanga. Kaa juu ya maji dakika ishirini. Tazama kama unaweza kusimama na tanga limelala mbele yako, ukipumzika, mikono haifanyi kitu. Halafu nenda, geuka, rudi. Vaa koti la kujiokolea na viatu vya mpira, na mtu awe anakutazama. Ikitokea umechoka, kaa juu ya ubao, punga mikono, usiuache ubao na kuogelea. Ule ubao mkubwa uliouchagua ndio boya lako.

Wapo watakaokwambia usinunue kabisa mpaka umekodi mara kadhaa. Nakubaliana nao. Masomo matano au sita kwenye ubao wa kituo yatakuonyesha upana unaokufaa kuliko maelezo yangu yote, na yatakugharimu kidogo kuliko kosa moja la kununua.

Ukishaupata

Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka, hasa ndani ya kasha la mkuku na kwenye kiungo. Uweke kivulini, sitaha ikitazama chini, usiufungie ndani ya mfuko mweusi juu ya gari mchana kutwa. Ukiusafirisha kwa ndege, legeza skurubu ya kupumulia, na uandike karatasi uibandike juu ya upinde: FUNGA SKURUBU. Watu wazoefu husahau.

Usiwe na haraka ya kuubadilisha. Siku utakapoweza kutoka na kurudi pale pale ulipotokea, siku tano mfululizo, kwa upepo wa noti 12 hadi 15, na ubao umeanza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyakata, ndipo utazame ubao wa lita 120 au 140. Hata hapo usiuuze huu. Wangu wa lita 190 una mwaka wa saba sasa, omo lina viraka vitatu vya epoksi, na kila tangambili binti yangu na binamu zake hupanda watatu kwa pamoja wakipiga makasia kwa mikono hadi mwambani.